Maua ya Mama, Shaba ya Kambo

Shaba ina harufu yake. Ukiishika muda mrefu kiganjani mpaka ipate jasho, kisha ukaunusa mkono, utajua ninachosema. Wiki iliyopita Mama alinipa msalaba mdogo wa shaba, wa mikono minne iliyo sawa, mkono mmoja umeliwa na kijani kisichotoka hata ukisugua kwa ndimu na mchanga. Hakuuacha mezani, hakuufunga kwenye kitambaa, hakumtuma mtu aniletee. Aliutia mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake, akasema tu, "Shika." Nilipobaki peke yangu nikanusa kiganja, na mara nikawa mtoto tena, sebuleni kwetu Kamina, pale palipokuwa na harufu ya bahari wakati hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari.

Wenzangu mliokulia mji ule mnajua tulivyokuwa mbali na bahari. Reli tulikuwa nayo, ya kwenda kila upande, na honi tulizisikia siku treni ilipojisikia kuja. Lakini bahari ilikuwa ile rangi ya buluu kwenye ramani ya darasani, iliyofifia kwa vidole vya watoto. Samaki wetu walitoka Lualaba na maziwa ya Upemba, wamekaushwa kwa moshi, wamejikunja vikapuni. Kitu pekee cha baharini kilichofika kwetu kilikuwa makayabu, wale samaki wakubwa waliokaushwa kwa chumvi, wagumu kama ubao, ambao Mama aliwaloweka tangu asubuhi ndipo waweze kuliwa jioni. Kwa hiyo Mama alipotangaza kwamba ataweka sebuleni samaki wanaoishi ndani ya maji ya chumvi, mimi nilimwelewa vizuri sana. Nilielewa kwamba tutafuga makayabu.

Msinicheke, nilikuwa na hoja zangu. Samaki anakaa kwenye chumvi maisha yake yote, chumvi inamwingia kidogo kidogo, siku moja anakauka, yuko tayari. Niliwaeleza hivyo wenzangu shuleni, na nusu ya darasa ikaanza kunifuata nyuma kama kuku wanaofuata mwenye mtama, wakitaka waalikwe siku ya mavuno.

Mama alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya kanisa. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, lakini wanafunzi warefu wenye ndevu walimwogopa bila kujua kwa nini. Alizaliwa Likasi kwa wazazi wa Kasai. Baba yake alikuwa karani, na sebuleni mwake kulikuwa na chombo cha kioo chenye samaki wadogo wa mtoni. Jioni akirudi kazini alikaa mbele yake na viatu bado miguuni, akiwaangalia. Halafu ikaja ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Mama alikuwa na umri kama niliokuwa nao mimi katika kisa hiki. Walipanda treni na vile tu vilivyobebeka. Kioo hakikubebeka. Mama alituambia kwamba baba yake aliwamwagia samaki chakula chote kilichokuwa kwenye kopo, akafunga mlango kwa ufunguo kana kwamba wangerudi jioni ile ile. Baadaye, huko Mwene-Ditu, Kasai, alimwahidi binti yake kwamba wakipata nyumba tena ataweka kioo kingine, na safari hiyo kitakuwa cha maji ya bahari, chenye maua yale yanayokula. Alifariki kabla ya kupata hiyo nyumba.

Mama akakua, akasoma Lubumbashi, akakutana na Papa, karani wa reli, Muluba wa Katanga, wa upande wa Bukama, akamfuata Kamina. Ndugu za Papa walikwenda na mahari. Mama yake Papa, yaani Kambo wangu, hakwenda. Alisema hawa watu tuligombana nao, wakatoka na machungu yao, na siku moja huyu naye atatoka na mtoto wangu. Akabaki kijijini na muhogo wake. Mimi nilipozaliwa Mama alinipa jina la Kambo, Ngoie, bila kuombwa na mtu. Kambo alituma kuku, yeye mwenyewe hakuja.

Kioo kilitufikia kwa njia ya Tonton, kaka yake Mama, aliyefanya kazi katika hoteli moja ya Lubumbashi. Hoteli ilikuwa inatoa vitu vya zamani, na kwenye mapokezi kulikuwa na kioo kidogo cha samaki wa bahari ambacho hakuna aliyekitaka. Tonton akakisafirisha kwa treni kimefungwa ndani ya godoro, pamoja na gunia la chumvi maalumu, mchanga mweupe, mawe mepesi yenye matundu, taa, pampu ndogo ya kusukuma maji, nyingine ya kutia hewa na kifimbo cha kuyapasha joto. Papa alipokwenda kukichukua stesheni, wenzake walimuuliza ni nani amefariki, maana kilibebwa kwa heshima sana.

Sijui niwaelezeje Mama wa miezi ile. Mtandao ulishika vizuri sehemu moja tu, juu ya kile kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba, na kila jioni baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi Mama alikipanda na simu yake, akafunga kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, vizuri, akakaa pale juu akitazama vijana wa nchi za mbali wakionyesha jinsi ya kuanza. Alishuka na jambo moja kila jioni. Siku moja alishuka na jambo la maji: maji ya bomba hayafai, ya kisima hayafai, na ya mvua yanafaa mradi yasiguse bati, kwa sababu bati linaachia madini yake na viumbe wa bahari hawayawezi. Kesho yake, mawingu yalipojikusanya, akatandaza plastiki safi katikati ya uwanja, ameifunga kwenye miti minne, pipa chini yake. Jirani yetu akasimama kwenye ua.

"Mama Ngoie, sasa munaanza kukamata na mvua?"

"Tunaikamata, ndiyo. Ukihitaji, lete ndoo," Mama akajibu, akaendelea kuvuta kamba.

Chumvi aliikoroga kwa mwiko mpya wa bukari, yaani ugali, polepole, akipima kwa kifaa cha plastiki chenye sindano inayopanda kadiri chumvi inavyokolea. Sindano ikipita alama aliongeza maji ya mvua. Ikishuka aliongeza chumvi. Niliruhusiwa kuonja, nikatema, nikamwambia kwamba kwa makayabu imetosha. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakunieleza, na hilo nililielewa kama siri ya biashara.

Halafu tukangoja. Hapo ndipo nilipoanza kumstaajabia kweli. Mama huyu alikuwa hawezi kungoja sufuria ichemke bila kuifunua, lakini kwa wiki nyingi alikaa mbele ya kioo chenye mawe na maji tu. Wageni walikuja, wakaangalia, wakaangaliana. "Samaki iko wapi?" "Bado," Mama akasema. "Kuko badudu badogo sana banazaliwa mu majiwe. Bao njo batakula uchafu ya samaki. Bila bao, samaki anakufa na mukojo yake mwenyewe." Sehemu hiyo ya mkojo niliipenda, niliirudia kwa kila aliyeingia. Mawe yalipofunikwa na utando wa kahawia, jirani akasema maji yameoza, na Mama akafurahi kama aliyepokea wageni, kwa sababu utando huo ulikuwa dalili kwamba mambo yanakwenda.

Mwisho wa mvua Tonton akaja kwa gari na sanduku la baridi mapajani safari nzima. Ndani, katika mifuko ya plastiki iliyojaa hewa, mlikuwa na konokono kadhaa, uduvi wawili wenye mistari myekundu, samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, na kijiwe kimoja chenye vitu kama vifundo vya nyama vilivyosinyaa. Nililia. Samaki alikuwa mdogo kuliko kidole cha Papa. Makayabu wa namna hiyo angemtosha nani?

Lakini asubuhi iliyofuata, taa ilipowaka, vile vifundo vilifunguka. Vilitoa nyuzi za kijani na katikati yake rangi ya zambarau, vikacheza na maji. Mama aliita, "Ngoie! Kuya uone!" na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Alitia punje ndogo ya chakula kwa sindano isiyo na ncha, na lile ua likaikunjia nyuzi zake, likaimeza. Jiwe limekula. Mama alikuwa anatazama na mkono mdomoni, na nilimwona akisema kitu kwa Kitshiluba, kimya kimya, na nikajua anamwambia baba yake. Wanafunzi wake walikuja kwa makundi kuona matumbawe, kama Mama alivyoyaita maua yale, yakila, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Kiangazi kilipoanza, goti la Kambo likakataa kazi, na Papa akakwenda kumleta atibiwe mjini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga nyumbani kwetu. Alishuka kwenye gari na gunia lake la unga wa muhogo, samaki wake wa moshi, na mbabula yake, lile jiko la makaa la bati, jeusi, limetoboka upande mmoja. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri. Kambo alisalimia, akashukuru, akasema tumbo lake halipatani na vyakula vya mjini, akaiweka mbabula yake uwanjani akawasha moto. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Nyumba moja, majiko mawili. Mimi nilikula kwa Mama kisha nikala kwa Kambo, nikanenepa, na niliona mpango ule ni mzuri sana. Papa hakuuona hivyo. Alikuwa anakula kidogo kwa Mama, kidogo kwa mama yake, na hakuna aliposhiba.

Mama hakuitwa kwa jina lake, Mbuyi. Kambo alimwita "mwalimu", kwa adabu kabisa, kama mtu anayezungumza na mkuu wa ofisi. Nilimsikia Mama siku moja akimwambia Papa jikoni, "Minyi sitaki aniombe ruhusa ya kila kintu. Nataka anigombeze. Mama anagombezaka mutoto yake." Papa akaosha sahani.

Kioo kile kilimshinda Kambo kukipuuza. Alikuwa mjane wa mvuvi, samaki aliwajua kwa majina na kwa mitego yao. "Samaki ya kuangalia tu?" aliuliza siku ya kwanza. "Haikaangwake? Haikaushwake?" Alichovya kidole, akaonja. "Hii mayi iko imekwisha kuwa na chumvi. Kubakia nyanya tu." Lakini kesho yake alileta kiti chake karibu, na keshokutwa karibu zaidi, na baada ya muda mtu akitaka kumtafuta Kambo alijua pa kwenda. Mama aliporudi shuleni na kuyalisha matumbawe, Kambo aliinamisha kichwa kufuata ile sindano. Wote wawili walitazama jiwe likila, na kwangu mimi hizo zilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku.

Mnaijua baridi ya Kamina ya kiangazi, ile inayoingia kupitia dari na kukukuta ndani ya blanketi. Alfajiri moja tuliamka betri ya sola iliyoendesha vifaa vya kioo imekufa. Kifimbo cha joto kimezima, pampu imenyamaza, na maji yalikuwa baridi kiasi kwamba Mama alipotia mkono aliutoa upesi. Maua yalikuwa yamefunga. Samaki alikuwa amelala pembeni chini, akipumua kwa shida. Papa akakimbia kutafuta betri ya kuazima. Mama akalivuta blanketi kitandani, lile zito la harusi yao, akalizungushia kioo, kisha akasimama katikati ya sebule akitafuta moto, na jiko letu la umeme halikuwa na umeme.

Kambo aliingia amebeba mbabula yake kwa kitambaa, makaa yamekolea, sufuria ya maji juu yake. Hakuomba ruhusa. Aliiweka pale mlangoni, akafungua madirisha moshi utoke. "Mwalimu, leta chupa," alisema. Wakajaza chupa za plastiki maji ya moto, wakaziacha zielee ndani ya kioo, wakazibadilisha zilipopoa, Mama akikoroga maji kwa mkono ili yapate hewa, Kambo akipuliza makaa. Jua lilipokuwa limepanda, Papa akarudi na betri, samaki akaanza kuogelea, na ua moja likafungua nyuzi zake. Kambo alicheka kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akicheka namna hiyo.

Jioni ile, Mama akiwa uwanjani anaanika blanketi, nilimwona Kambo akifungua fundo la kikwembe chake. Alitoa ule msalaba wa shaba. Niliujua kwa hadithi tu: bibi yake Kambo aliufukua akilima muhogo karibu na Lualaba, upande wa Katoto, ambako ardhi inatoa vitu vya watu wa kale. Zamani, Papa aliniambia, Waluba hawakuoa bila shaba kama hiyo. Kambo aliubusu, akaingiza mkono ndani ya maji, akausimamisha mchangani katikati ya mawe. Mama alipoingia, akauona, akasimama. Kambo alikuwa amegeuza uso dirishani, kana kwamba kuna kitu cha kuangalia kule nje. Mama hakuuliza. Ila usiku huo aliimba akiosha vyombo.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Tulikuwa watu wa kanisa, nilijua msalaba ni nini na maji ni ya nini. Kambo amewabatiza makayabu. Niliridhika, maana nilikuwa nimejiuliza kuhusu roho zao.

Siku chache baadaye konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kuta za kioo. Walilala chali mchangani, hawakuamka. Uduvi mmoja akafa, amepinda. Maua yakafunga, na taa ilipowaka hayakufunguka. Mama alipima chumvi, ilikuwa sawa. Alipima joto, lilikuwa sawa. Alibadilisha sehemu ya maji, na bado. Ni samaki peke yake aliyekuwa anaogelea kama kawaida. Mimi nilimfariji Mama kwamba wote wamekufa baada ya kubatizwa, kwa hiyo wako mahali pazuri, na yeye akaendelea kuokota konokono mchangani.

Akapanda kichuguu akamtumia Tonton picha, nami nikapanda nyuma yake. Jibu lilirudi kwa sauti, simu ikiwa imewekwa kati yetu. Tonton alikuwa amemuuliza yule aliyekuwa akitunza vioo vya hoteli. "Anauliza kama kuko chuma mule ndani. Kabisa kabisa shaba. Anasema samaki anaweza kuvumilia, lakini konokono, uduvi na maua, shaba inabiuwa byote. Mutoshe hiyo kintu inje leo leo, Mbuyi."

Mama alizima simu. Tulikaa pale juu. Chini yetu, uwanjani, Kambo alikuwa anapepeta unga, akiimba. Hata mimi, pamoja na ujinga wangu wote, nilielewa mambo yalipokuwa. Ahadi ya babu wa Mwene-Ditu ilikuwa inakufa ndani ya kioo, na kilichokuwa kinaiua ni kitu cha kwanza ambacho Kambo aliwahi kumpa Mama. Akikitoa, amemrudishia. Na kwa watu wetu, kurudisha kitu cha namna ile ni kusema sikutaki na mimi.

"Minyi nitamuambia," Papa alisema aliporudi kazini.

"Usimuambie kintu," Mama akajibu. "Aliingia mu hii nyumba na moto yake. Nikimurudishia shaba yake, hataingiaka tena."

Hakuugusa msalaba. Alikoroga maji mapya ya chumvi kwenye ndoo nyeupe, akayahamisha yale maua, uduvi aliyebaki na konokono waliokuwa bado wanashikilia, akaiweka ndoo chumbani kwao, mimi na yeye tukiibeba taratibu, na pampu ndogo ya hewa ikitoa mapovu. Alipachagua pale kwa akili. Mama mzazi haingii chumba cha kulala cha mtoto wake aliyeoa. Hata nyumba ikiungua, atasimama kwenye pazia na kupiga kelele. Sebuleni kikabaki kioo chenye samaki mmoja, mawe, na shaba inayong'aa katikati.

Sikuwahi kumwona mtu akiacha kitu anachokipenda namna ile bila kununa. Alirudi shuleni, akamsalimia Kambo, akakaa naye mbele ya kioo tupu wakamwangalia samaki. Kambo aliuliza maua yako wapi. "Yanapumzika," Mama akasema.

Kisha siku moja tulirudi pamoja kutoka shule, mimi na Mama, tukamkuta Kambo amekaa sakafuni kwenye mlango wa chumba cha wazazi wangu. Pazia lilikuwa limefungwa. Alikuwa amekipa chumba mgongo, goti bovu limenyooshwa, mikono mapajani. Nyuma ya pazia mapovu yalikuwa yanaguruma.

"Mwalimu," alisema, "nani analala mu chumba yako muchana?"

"Hakuna muntu, Mama."

"Kuko kintu inapumua. Asubuhi yote ninaisikia. Sikuingia. Ulete nikione."

Mama aliweka mkoba chini. Aliingia, akaitoa ndoo, akaiweka mbele ya Kambo. Maua yalikuwa yamefunguka, siyo yote, lakini ya kutosha, kijani na zambarau ndani ya ndoo ya plastiki. Kambo aliyaangalia, kisha akaangalia kule sebuleni kwenye kioo.

"Bale bengine?"

"Balikufa."

"Juu ya nini?"

Mama alipiga magoti ili wawe sawa. "Mama, ni shaba. Shaba na mayi ya chumvi hazipatanake. Inaachia sumu. Haina kosa yako, hata minyi mwenyewe mwalimu sikuwaza. Nikabatosha inje bale benye kubakia, nikabaleta huku."

"Na shaba juu ya nini haukuitosha inje?"

"Uliitia na mukono yako."

Midomo ya Kambo ilicheza kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Niliogopa, nikasogea karibu na ukuta.

"Vidye wami," alisema hatimaye, yaani Mungu wangu. "Weye mutoto uko na kichwa ya namna gani? Unaacha bintu ya baba yako bikufe, juu ya mwanamuke mwenye hakulake bukari yako?" Sauti ilipanda. "Ungeniita! Ungenigombeza! Ungesema, we muzee, shaba yako inaniulia batoto! Mi niko mu hii nyumba kama kiti? Hakuna muntu anaweza kuniambia kintu?"

Alikuwa anagombeza. Kwa mara ya kwanza alikuwa anamgombeza Mama, na Mama, badala ya kuinamisha kichwa, alikuwa anaanza kutabasamu huku machozi yanamtoka.

Kambo alikataa kusaidiwa kuinuka. Alishika ukuta, akaenda sebuleni akichechemea, akazamisha mkono ndani ya kioo mpaka kwenye kiwiko, mkono wa blauzi ukalowa wote. Alitoa msalaba. Mkono mmoja wa ule msalaba ulikuwa umeanza kuwa kijani. Akaukausha kwa kikwembe chake, upande huu, upande ule, taratibu sana, na nilielewa kwamba alikuwa anajipa muda.

"Hii ni mali," alisema, na kwetu mali ni mahari. "Bandugu ya bwana yako balipoenda kukuposa, minyi nilibakia nayo. Mali haitiwake mu mayi. Haiwekwake mu mawe. Inapewaka mu mukono." Akaufuta tena. "Nilisikia haya kukupa mu mukono. Miaka yote hii, nakuja namuna gani? Njo nikaitia mu mayi, nikasema atajua."

"Nilijua, Mama."

"Ulijua, ukanyamaza. Leta mukono."

Mama alinyoosha mikono yote miwili. Kambo aliweka shaba pale, akavikunja vidole vya Mama juu yake, akavishikilia kwa nguvu na mikono yake iliyokuwa inadondosha maji ya chumvi.

"Shika, Mbuyi."

"Wafwako," Mama akasema, asante ya Kiluba, yeye wa Kasai, na akalia kwa sauti kama ambavyo sikuwahi kumsikia. Kambo hakumwachia. Papa aliingia wakati ule ule, kofia mkononi, akatuangalia sisi sote na ile ndoo mlangoni kwake, akarudi nje kusubiri.

Mawe na mchanga vilikuwa vimenywa shaba. Ilibidi Mama avitupe, na kuanza upya kulichukua msimu mwingine mzima wa mvua, plastiki uwanjani, kichuguu, mwiko na sindano. Safari hiyo waliketi wawili kungojea maji yakomae, na mgeni akiuliza samaki iko wapi, ni Kambo aliyejibu habari za mkojo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile Kambo alimwacha Mama alie mpaka amalize, kisha akampangusa uso kwa kile kikwembe kilicholowa, akakaa kwenye kiti cha mezani, kiti ambacho hakuwa amewahi kukikalia tangu afike.

"Sasa leta ile bukari yako," alisema. "Niko na njala tangu mwezi wa tano."

Mama akaleta bukari, na bakuli la makayabu aliokuwa amewaloweka tangu asubuhi. Nilipoliona lile bakuli nikakimbia sebuleni. Samaki wetu alikuwepo, mzima, wa rangi ya chungwa, anazunguka pale mchangani ambapo shaba ilikuwa imesimama. Nikarudi mezani, na Kambo alikuwa tayari ananyoosha sahani yake aongezewe.